Gereji ya pampu Magomeni, Mtwara mjini: wamenipangia dizeli ya Fuso yenye tabo na sasa mzigo unapanda

Wakuu, kama una lori lenye tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini) na uko huku Kusini, kabla hujafunga safari ya Dar kutafuta fundi pampu za dizeli pita kwanza kwa hawa jamaa wa Magomeni hapa Mtwara mjini. Hawana hata kibao nje ila ukiuliza fundi pampu bodaboda anakufikisha.

Gari yangu ni Fuso Fighter, ilikuwa na injini ya 6D16 ya kawaida isiyo na tabo, ikachoka, nikanunua 6D16T used. Zote silinda sita, lita 7.5, tofauti kubwa hii ya pili ina tabo na intakula (kipoozeo cha hewa ya tabo). Sasa injini ilikuja bila pampu na fundi aliyeifunga (sio hawa) akahamishia pampu na nozeli (vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda) za injini ya zamani. Ikawa tabo unaisikia inapiga mluzi lakini nguvu huioni. Nikibeba simenti kupeleka Newala, ule mpando ukitokea Masasi kuingia uwanda wa Makonde gari inatambaa gia ya chini mpaka utingo anashuka anatembea na jiwe pembeni. Fundi yuleyule akafungua skrubu ya pampu dizeli iongezeke, hapo ndo balaa, kila nikiondoka moshi mweusi unafunika barabara, eksozi inachemka, na dizeli inaisha kama tenki limetoboka.

Jamaa wa Magomeni walinielewesha vizuri sana na nawashukuru kwa hilo. Nguvu ya injini ya dizeli inatoka kwenye dizeli yenyewe, tabo kazi yake ni kuleta hewa ya kuichomea. Ukiwa resi ya chini tabo bado haijajaza hewa, kwa hiyo ukimwaga dizeli nyingi haiungui yote, ndo ule moshi, na ukilazimisha hivyo mlimani joto linapanda hadi pistoni zinaweza kuyeyuka na tabo ikapasuka. Pampu ya injini ya tabo inakuwa na busti kompenseta juu ya gavana (sehemu ya pampu inayodhibiti kiasi cha dizeli), ndani ina daiframu na springi, inavutiwa kampira kutoka inteki manifoldi (bomba la hewa inayoingia kwenye injini), presha ya hewa ikipanda ndo inaruhusu dizeli iongezeke. Pampu yangu ya zamani haikuwa na hicho kitu kabisa! Hata ungezungusha skrubu mwaka mzima usingepata.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hawakukimbilia pampu, walianzia kwenye tenki. Walilishusha wakalimwaga, chini kulikuwa na maji na tope la kutu (huku pwani tenki likilala nusu linatengeneza maji, halafu vijijini tunanunua dizeli ya madumu). Mpira wa kutoka tenki kwenda kwenye fidi pampu (kapampu kadogo kanakovuta dizeli kutoka tenki) kwa nje mzima kabisa, fundi akaukata mbele yangu, ndani umelainika umebanana, maana yake injini ikihitaji dizeli nyingi mpira unajifinya wenyewe. Mimi nilikuwa nataka wanifungie pampu ya umeme kubwa, wakakataa hela yangu, wakasema fidi pampu ya kawaida ikiwa nzima na njia iko safi inatosha. Wakabadilisha mpira, filta, wakaweka chujio la maji, na valvu ya ritani (njia ya dizeli ya ziada kurudi tenki), maana springi ya ile ya zamani ilikuwa imelegea hivyo presha ndani ya pampu haikai.

Ndo wakaja kwenye nozeli. Walizipima moja moja kwa ile mashine ya mkono, mbili zilikuwa zinakojoa tu badala ya kupuliza ukungu. Wakanitafutia nozeli za 6D16T na pampu used yenye busti kompenseta, wakaibadilisha daiframu maana ilikuwa imepasuka, ikapanda kwenye benchi (mashine ya kupimia pampu). Pale unaona mwenyewe vile vichupa sita vya kioo vinajaa, mwanzo vimepishana, akakaza akalegeza mpaka vyote vikawa mstari mmoja. Mwisho wakapanga taimingi (muda wa dizeli kupulizwa), wakatoa upepo, wakafunga washa mpya za kopa na geji ya joto la eksozi kabla ya tabo. Wameniambia geji ikikaribia nyuzi 700 mlimani nishushe gia, nisikandamize.

Sasa hivi nimepandisha Newala na simenti, nikarudi na korosho, moshi unaonekana kidogo tu wakati wa kubadili gia na gari inavuta kutoka chini kabisa. Ulaji wa dizeli umepungua kiasi kwamba hata mwenye mzigo ameuliza.

Wanakwaza kwenye muda. Malori ya makaa ya mawe ya kutoka Songea yanajaa pale na wewe mwenye Fuso moja unasubiri, simu hawapokei, inabidi uende mwenyewe. Bei pia hawakuambii mpaka wafungue, ingawa wakishataja hawabadilishi na vifaa vibovu wanakurudishia mkononi uvione. Geji ilibidi iagizwe Dar, hawaweki stoku.

Msimu wa korosho ukianza Oktoba foleni inakuwa mbaya zaidi, kwa hiyo wahi Agosti Septemba. Ijumaa mchana wanafunga kwenda kuswali. Na usiende na gari tupu kama unaweza, fundi anapenda kuijaribu ikiwa na mzigo, anapanda na wewe mpaka Mikindani na kurudi akiangalia geji.