NGK BKR7E na BKR7EIX: ipi inaifaa injini ya turbo ya zamani?

Kama una 1JZ-GTE ya Toyota, au RB25DET au SR20DET za Nissan, ambayo presha ya turbo imeshapandishwa, chukua BKR7E, plagi ya cheche ya kawaida ya kampuni ya NGK, na uwe unaibadilisha mapema. Iridiamu, yaani BKR7EIX, ni plagi nzuri na ina mahali pake, ila wengi wanainunua wakitegemea nguvu. Injini iliyokuwa inachoma mafuta vizuri haitaongezeka chochote kwa kubadilishiwa plagi. Iliyokuwa inamisi ndiyo itarudishiwa kilichokuwa kimepotea.

Namba iliyoandikwa kwenye plagi ina uzito kuliko madini yake. Katika BKR7E, B ni thredi ya milimita 14, K ni mwili wa soketi ya milimita 16, R ni rezista ya ndani inayozuia kelele za umeme zisivuruge redio na kompyuta ya gari, 7 ni namba ya joto, na E ni thredi yenye urefu wa milimita 19. Huo urefu uhakikishe kabla ya kununua, kwa sababu baadhi ya injini za baadaye zinatumia thredi ya milimita 26.5. Plagi fupi ikiingia humo, thredi za hedi zinabaki wazi ndani ya silinda na kushika kaboni. Ndefu ikiingia kwenye hedi fupi, pistoni inaweza kuigonga.

Kwa NGK, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi. Denso ni hivyo hivyo, na 22 yao inakaribiana na 7 ya NGK. Bosch na Champion wanahesabu kinyume, kwa hiyo usihamishe namba kutoka kampuni moja kwenda nyingine bila jedwali. Plagi baridi haitoi cheche dhaifu, kama wengine wanavyodhani. Kauri yake ya ndani ni fupi, hivyo inapitisha joto kwenda kwenye hedi haraka. Ncha inatakiwa ifike kama nyuzi 450 za Selsiasi ili iunguze kaboni inayoishika, na isizidi sana 800, la sivyo itawasha mchanganyiko kabla ya cheche, na hapo pistoni hazina maisha. Hatua moja ya namba inasogeza joto la ncha kwa takriban nyuzi 70 hadi 100. NGK wenyewe wanashauri kuongeza hatua moja ya ubaridi kwa kila nguvu za farasi 75 hadi 100 ulizoongeza. Gari ambalo halijaguswa libaki na 6. Ukilitia 7 halafu kazi yake ikawa foleni na safari fupi, plagi zitajaa masizi meusi na utaanza kulaumu sindano za mafuta.

Sasa madini. Kiini cha plagi zote mbili ni shaba, kwa hiyo jina la "plagi ya shaba" halikuambii kitu. BKR7E ina ncha ya aloi ya nikeli yenye unene wa milimita 2.5, na BKR7EIX ina ncha ya iridiamu ya milimita 0.6. Ncha nyembamba inahitaji volti ndogo zaidi kurusha cheche, na hapo ndipo iridiamu inapolipa: kwenye gari lenye koili (zinazozalisha umeme wa cheche) zilizochoka ambazo bado hujapanga kuzibadilisha. Pia inadumu. Kwa injini ya turbo iliyoongezwa, nikeli tunaihesabia kilomita 15,000 hivi, iridiamu 40,000 au zaidi kidogo.

Kwa nini basi nikeli? Kwa sababu injini iliyobadilishwa inahitaji plagi zake zitolewe, zisomwe, zirekebishwe pengo (nafasi kati ya ncha ya katikati na ya pembeni, ambayo cheche inairuka) na zitupwe bila uchungu. Kwenye silinda sita za mstari, plagi zimekaa juu, chini ya kifuniko cha katikati. Ukiwa na funguo za heksi na soketi, ni kazi ya saa moja. Subaru yenye injini ya EJ20 ya miaka ya 1990, ambayo silinda zake zimelala, ni habari nyingine. Plagi zinatazama kando, kati ya hedi na chesisi, na ili mkono upite inabidi uondoe betri upande mmoja na boksi la chujio la hewa upande wa pili. Huko weka iridiamu usahau.

Kitu kimoja kuhusu 1JZ-GTE ya VVT-i, yaani toleo la baadaye linalobadilisha muda wa kufunguka kwa vali: ina koili tatu kwa silinda sita, kila koili ikirusha cheche kwenye plagi mbili kwa pamoja. Plagi moja katika kila jozi inarusha cheche kinyumenyume, kwa hiyo inayolika ni ncha ya pembeni, ambayo kwenye BKR7EIX ni nikeli tu. Kwenye nusu ya plagi unalipia iridiamu ikae upande usiolika.

Pengo ndilo linalowasumbua watu kuliko yote. Plagi zenye -11 mwishoni zinatoka kiwandani na milimita 1.1. BKR7E na BKR7EIX zisizo na alama hiyo zina takriban 0.8. Presha ikipanda, hewa ndani ya silinda inakuwa nzito na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuivuka. Dalili yake haijifichi: gari linatulia vizuri likiwa sailensa (injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta), linatembea vizuri polepole, ukikanyaga mafuta na turbo ikajaa linaanza kukatakata. Kabla ya kununua koili mpya, punguza pengo hadi 0.7 ujaribu. Usishuke hovyo chini ya hapo, kwa sababu cheche inakuwa ndogo na sailensa inaharibika. Pima kwa geji ya waya. Geji ya duara inayofanana na sarafu usiitumie kwenye iridiamu: inaegemea ncha ya katikati, na ile milimita 0.6 inavunjika kirahisi. Ya kukunja ni ncha ya pembeni peke yake, kidogo kidogo.

Kazi yenyewe ifanyike injini ikiwa imepoa kabisa, maana hedi ni ya aluminiamu na thredi zake ukizitoa zikiwa na moto zinakwenda na plagi. Soketi za nyaya kwenye koili za zamani zimekauka. Bonyeza kibano chake, usivute waya. Toa koili, kisha angalia ndani ya shimo. Ukikuta mafuta, gasketi za tapeti kava (kifuniko cha juu cha hedi) zimekwisha na plagi mpya hazitakusaidia, kwa sababu mafuta hayo yanaozesha mpira wa koili na cheche inavujia pembeni. Legeza plagi robo mzunguko tu, puliza uchafu kwa hewa ya kompresa, ndipo uifungue yote. Zipange kwa mpangilio wa silinda.

Plagi mpya ianze kwa mkono, na kipande cha mpira wa petroli kilichochomekwa kwenye kichwa chake kinafaa kuliko ekstensheni. Ikienda mshazari, mpira utateleza kabla thredi hazijaharibika. Kaza kwa spana ya torki kufuata kitabu cha injini. NGK wanataja Nm (newtonmita) 25 hadi 30 kwa thredi ya milimita 14 kwenye aluminiamu, ingawa watengenezaji wengine wa magari wanataka chini ya hapo. Usipokuwa na spana hiyo, ikishagusa kwa mkono ongeza nusu mzunguko ili gasketi mpya ibanwe. Usipake grisi ya kuzuia kushika. Plagi hizi zimeshapakwa kiwandani, na thredi zikiteleza utakaza kupita kiasi huku spana ikikuonyesha namba sahihi. Iliyoanguka sakafuni itupe, hata kama ufa hauonekani.

Baada ya kilomita mia kadhaa, toa moja usome. Kauri yenye rangi ya kahawia hafifu ni sawa. Nyeupe iliyovimba ni dalili ya joto kupita kiasi, na vitone vidogo vinavyong'aa kama fedha ni aluminiamu ya pistoni: injini inagonga, usiiendeshe mpaka ujue sababu. Wekundu wa kutu unatokana na viongezeo vya chuma kwenye petroli na hauhusiani na mafuta kuwa mengi au machache.

Mwisho, bandia ni nyingi na boksi lake halitakusaidia. Shika gasketi uizungushe: kwenye plagi halisi haitoki kwa mkono. Ncha ya katikati iwe katikati kweli, na mwili uwe umegongwa namba ya toleo. Kisha weka multimita kuanzia kichwa hadi ncha ya katikati. NGK yenye R inasoma karibu kiloomu 5. Ikisoma sifuri, au isisome kitu, irudishe dukani.