Kioo cha mbele cha Beetle ya 1971: mpira wa elfu arobaini na mpira wa laki na themanini

Haya wadau mambo vipi, karibuni tena gerejini. Ukiona hapo nyuma yangu blanketi limetandikwa juu ya boneti ujue leo ni siku ya kioo. Gari ni ile ile, Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1971, kobe wangu, na leo sigusi injini wala kabureta, naongelea kioo cha mbele na hasa hasa ule mpira unaokishika, maana mpira huo nimenunua mara mbili ndani ya mwaka mmoja na kazi nimeifanya mara mbili, kwahiyo nitakachokwambia hapa nimekilipia kwa hela yangu.

Ilianzaje. Natoka Chalinze narudi Dar, mbele yangu kuna fuso limebeba kokoto na turubai halijafungwa vizuri, nikajisemea ngoja nimuache aende, kabla sijakaa sawa paaa! Ufa mdogo tu upande wa abiria, kama ukucha. Nikaendesha nao wiki mbili, jua la mchana, asubuhi baridi kidogo, ufa ukatembea mpaka ukafika upande wa dereva. Bahati yangu kioo kilikuwa lamineti, yaani vioo viwili vyembamba na katikati kuna utando wa plastiki, kwahiyo kinapasuka ila hakimwagiki. Beetle nyingi za zamani zilitoka kiwandani na kioo cha tempa, kile ambacho kikipigwa jiwe kinageuka chengachenga zote kwa mara moja, na wewe uko spidi themanini huoni mbele. Kama gari lako ni la zamani toka sasa hivi ukaangalie kona ya kioo, kuna maandishi madogo, ukikuta AS1 au neno LAMINATED lala usingizi, ukikuta TEMPERED au TOUGHENED anza kuweka hela pembeni.

Sasa nikaenda mtaa wa Gerezani hapa Dar kwa kijana wa vioo. Kijana mchapakazi kweli, akachukua futi akapima huku na huku akaniambia bro njoo kesho, nakukatia lamineti flati, nachonga kona, nakugundishia, umemaliza. Nikaona poa. Nikampigia mzee mmoja fundi wangu wa siku zote, hizi kobe amezitengeneza tangu hajaota mvi, nikamwambia shikamoo mzee, nimepata mtu wa kioo. Marahaba, akaniuliza gari yako ya mwaka gani vile? Nikamwambia 71. Akasema chukua rula ndefu uilaze juu ya hicho kioo chako kilichopasuka, halafu unipigie.

Nikalaza rula. Wadau, mwanga unapita chini ya rula! Kioo kimepinda, kidogo sana, kwa macho huwezi kuona ila kimepinda. Kumbe Beetle mpaka modeli ya 64 kioo cha mbele ni flati kabisa, hizo unaweza kukatiwa mtaani kama unavyokatiwa kioo cha Land Rover ya zamani, ile yenye vioo viwili mbele. Kuanzia modeli ya 65 wakakiongeza ukubwa na wakakipinda kidogo. Na ile Super Beetle 1303 iliyoanza kutoka mwaka 1972 kioo chake kimevimba kabisa kama cha gari za kisasa, hicho hakiingiliani na kingine. Sasa ukiweka flati kwenye tundu la kioo kilichopinda kitaingia ndiyo, mpira utavumilia, ila kinakuwa kimebanwa vibaya, na siku moja umepaki zako nyumbani kinapasuka chenyewe hata hakuna aliyekigusa. Kwahiyo kijana wa watu nikamuomba radhi, kioo nikaagiza Nairobi, kikaja na basi kimefungwa ndani ya godoro. Hela ya godoro pia nililipa mimi.

Na kitu kingine, hawa vijana wa vioo wa siku hizi wamezoea Noah na IST, gari ambazo kioo kinagundishwa moja kwa moja kwenye bati, na kwenye gari hizo gundi ile ni sehemu ya nguvu ya bodi. Kobe sio hivyo. Kobe haina gundi. Kioo kinashikwa na mpira peke yake, ule mpira una mifereji miwili mgongo kwa mgongo, mmoja unameza kioo, mwingine unameza ukingo wa bati, basi. Ukimuachia mtu akaja na silikoni umeumia, kwa sababu silikoni inafungia maji ndani na bati linaoza taratibu huku kwa nje kunang'aa.

Tuje kwenye mpira sasa, ndio uchambuzi wenyewe.

Mpira wa kwanza, huu hapa, jina la aliyetengeneza silitaji na duka silitaji. Elfu arobaini. Angalieni kona zake, hazipo! Ni mpira mnyoofu mrefu kama wa dirisha la daladala, wameukata wakaunganisha ncha, ukifika kwenye kona inabidi uulazimishe upinde. Ulivyokuwa mpya ulikuwa unanuka kama tairi linaloungua na ukiushika mikono inabaki nyeusi, hapo ndipo nilitakiwa kushtuka ila elfu arobaini ilinipumbaza. Uliingia vizuri tu, tena kirahisi, nikapiga picha nikaposti. Ukakaa tangu Septemba. Masika ilivyoanza kumwaga, mwezi wa tatu, nakanyaga klachi nasikia kiatu kinalia chubwi. Jua la Dar lilikuwa limeshaukausha, umenywea, kwenye kiungo pameachia upenyo, na kwenye zile kona umenyanyuka kabisa unaweza kupitisha ukucha.

Na kwenye kobe maji yakiingia mbele usidhani yanaishia mbele. Yanateremka nyuma ya dashibodi, fyuzi ziko hapo hapo, yanaingia chini ya kapeti, yanakaa kwenye sakafu ya bati, na betri nayo iko chini ya kiti cha nyuma. Yaani unaoga wewe, zinaoga fyuzi, inaoga betri. Mimi niliwahi, sakafu ilikuwa imeanza alama za kahawia tu, ila nimeona kobe ya mtu ukinyanyua kapeti unaona lami.

Mpira wa pili ndio huu uko kwenye gari. Laki na themanini na usafiri. Kona zake zimefinyangwa kiwandani, ukiuweka mezani tu unaona unataka kukaa umbo la kioo wenyewe. Ni laini lakini mzito, ukiubonyeza na ukucha unarudi, alama haibaki. Kwenye pakiti wameandika EPDM, hiyo ni aina ya raba inayovumilia jua na hewa, kwa sisi wa pwani naona hilo ndilo la kuuliza kabla ya bei. Na una mfereji wa tatu kwa nje kwa ajili ya ule ukanda wa kromu unaong'aa kuzunguka kioo. Hapo kuwa makini wakati wa kununua, kuna mpira wenye nafasi ya kromu na usiokuwa nayo, ukinunua usiokuwa nayo kromu yako utaitundika ukutani.

Ubaya wake upo pia, sio kwamba nawasifia. Kuufunga ni kazi ya kutoa jasho, unabana kwelikweli, na nilisubiri wiki tano mpaka ufike.

Sasa kuufunga. Tulikuwa watatu, mimi, mzee na mdogo wangu. Kutoa kioo usisukume kwa miguu ukiwa umekaa ndani kama tulivyozoea kuona, kioo changu kilikuwa bado kipya nisingekubali. Mzee alichukua wembe akaukata ule mpira kwa nje kuzunguka kote, akauchuna, kioo kikabaki kinaelea tukakinyanyua kama sinia la pilau. Waipa toa kabla, zitakukwaza.

Mpira ukitoka ndio unaona ukweli wa gari lako. Kona za chini zote mbili kutu, moja lilishafika kutoboa, tundu la kupita njiti ya kiberiti. Mimi nilitaka tuzibe na puti tuendelee, jua linazama. Mzee akaniangalia, akasema kijana, hiyo puti weka pembeni, kesho nileteeni mtu wa kuchomelea. Siku nzima ikaenda hapo, kukata kipande kilichooza, kuchomelea kipya, msasa, dawa ya kutu, praima, rangi, halafu tukaacha ikauke usiku kucha. Na angalia hapa juu, hiki kitambaa cha dari kinakunjwa kinapita juu ya ukingo na kinabanwa na mpira huo huo wa kioo. Kwahiyo kama una mpango wa kubadilisha dari anza nayo, usiweke kioo kwanza maana utakitoa tena.

Kesho yake mpira tukauanika juani nusu saa ukalainika, hapa kwetu huduma hiyo ni bure. Ukavalishwa kwenye kioo juu ya meza yenye blanketi. Halafu kromu ikaingia hapo hapo mezani kabla kioo hakijaenda kwenye gari, na hii kromu ndiyo ilitula muda kuliko kitu chochote, saa nzima na nusu, na usijidanganye kwamba utaiweka baadaye kioo kikishakaa, hutaweza, utaipinda, na ikishapinda hainyooki ikarudi kama mwanzo.

Kisha kamba. Tulitumia manila nyembamba ya milimita 5 hivi, unaizungushia kwenye ule mfereji utakaomeza bati, ncha mbili zipishane chini katikati kama unavifunga viatu, uache zining'inie ndani ya gari. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji kwenye chupa ya kupulizia, unalowesha mpira na ukingo wote. Sio grisi, sio oili, mafuta hayo yanakula raba za aina nyingi, na hata isipoliwa mchanga unaganda hapo. Mimi nje nimekilaza kioo kwenye tundu lake nakisukuma kwa viganja, mzee ndani anavuta kamba, na kamba inavyotoka inaunyanyua ule ulimi wa mpira unapanda juu ya bati. Anavuta kuelekea katikati ya kioo, sio kujivutia kifuani, ukivuta kifuani unachana mpira. Chini kwanza, halafu kona, halafu pande mbili zinapanda pamoja, kumalizia juu. Kila anapofika nami nampigia kofi kwa nje hapo hapo. Kona ya juu kushoto iligoma mara mbili, tukaanza upya, mara ya tatu ikaingia na sauti, plop! Mdogo wangu akashangilia kama Simba wamefunga dakika ya tisini.

Kuna watu waliniuliza kwa nini nahangaika, si ni gari tu la kizamani. Bana, kigari cha aina hii mwaka 1954 kilishinda Coronation Safari, rali iliyokatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, barabara za vumbi na matope, leo nishindwe na mpira.

Maji tulimwagia saa moja baadaye, bomba la bustani, tukianzia chini tukapanda juu polepole, mdogo wangu ndani na tochi na gazeti kavu limetandikwa kwenye dashibodi. Dakika ishirini. Gazeti likatoka kavu, ila nikuonyeshe hapa, kwenye kona ya kulia chini kuna unyevu kidogo sana nje ya ulimi, mzee anasema mpira ukishakaa wiki mbili tatu utajilaza wenyewe. Nimeuacha hivyo hivyo bila kupaka kitu, na mvua ya juzi ilivyopiga usiku kucha nimeamka nikapapasa kapeti, kavu.

Kwahiyo kama una elfu arobaini ukanionyesha ule mpira wa kwanza nitakwambia kaa nayo, subiri zifike laki na themanini. Kioo kinaweza kusubiri, chomekea gazeti, funika turubai, panda daladala.

Wale mnaouliza ule mpira wa kwanza niliupeleka wapi, mama watoto aliukata akazibia chini ya mlango wa bafu. Maji yanapita.