Reli za Kato Unitrack za kipimo cha N: zinastahili bei yake?

Karibuni watazamaji. Leo mezani kuna reli, na vichwa vya treni tumeviweka pembeni makusudi. Wengi wakinunua treni ya mfano kwa mara ya kwanza humaliza pesa kwenye kichwa kizuri, halafu wanakiendesha juu ya reli za bei ya chini. Wiki mbili baadaye treni inasimama kila ikifika kwenye kona, na lawama inakiangukia kichwa. Msimamo wangu nautoa mapema: pesa yako ya kwanza iweke kwenye reli. Kati ya reli za kipimo cha N zinazounganishwa kwa mkono, hizi za Kato ndizo ningemshauri mtu aanze nazo, isipokuwa kipande kimoja ambacho nitawaambia mkiache dukani.

Kato ni kampuni ya Japani, na tangu mwaka 1965, ilipotoa kichwa cha mvuke cha C50, imo kwenye biashara ya N. Katika kipimo cha N, umbali kati ya reli mbili ni milimita 9. Treni za Ulaya na Marekani huchongwa kwa uwiano wa 1:160. Zile za kawaida za Japani ni 1:150, kwa sababu njia zao nyingi halisi zina upana wa milimita 1067, sawasawa na TAZARA. Ukipiga hesabu, 1067 ugawe kwa 150 unapata kama milimita 7, lakini zinakimbia kwenye reli ya 9, kwa hiyo reli inaonekana pana kidogo chini ya behewa. Shinkansen, treni ya mwendokasi ya Japani, ni 1:160, na yenyewe inakaa sawa kabisa, kwani njia yake ni ya milimita 1435 kama SGR. Kama jambo hilo halikusumbui macho, tuendelee.

Sogeeni karibu na kamera. Hiki ni kipande cha msingi, mnyoofu, milimita 248. Kokoto na mataruma ni plastiki moja ngumu, na reli yenyewe ni aloi ya shaba, nikeli na zinki, haina chuma ndani yake. Kwa anayekaa Mombasa, Tanga au Unguja hilo ni jambo kubwa. Reli ya chuma kwenye hewa ya chumvi hushika kutu, na kutu haipitishi umeme. Aloi hii nayo huchafuka, ila hailiki kama chuma, na ikifutwa inarudi hali yake.

Sasa tazama hapa mwishoni. Hiki kidude cheusi ndicho kiungio, na ndani yake kuna bati dogo linaloibana reli ya jirani. Kila maungio yana viungio viwili, kimoja kwa kila reli. Hapa ndipo Kato inapozishinda nyingi: kiungio kinashika kimitambo na kinapitisha umeme kwa pamoja, na kikichoka unakitoa na kuweka kipya bila kutupa kipande kizima. Namba ya kuagizia ni 24-815, pakiti ina vipande 20.

Kuunganisha kuna namna yake. Weka vipande viwili mezani, bapa, kisha visukume vikutane kwa mstari ulionyooka mpaka usikie mlio. Usivikunje kwenda juu wala usivizungushe. Kosa linalotokea sana ni reli kupanda juu ya bati la kiungio badala ya kuingia ndani yake. Kwa macho huwezi kuliona. Pitisha ukucha juu ya maungio, taratibu, pande zote mbili. Ukucha ukikwama, gurudumu nalo litakwama, kwa hiyo vuta, nyoosha, rudia. Unapotenganisha, shika karibu kabisa na maungio, uvute kwa mstari uleule. Anayeshika mbali na kukunja ndiye anayelegeza viungio, kisha anasema reli ni mbovu.

Kipimo cha kona ndicho kinachoamua meza yako. Kona za Kato zina nusu kipenyo cha 249, 282, 315, 348 na kuendelea, kila hatua ikiongezeka milimita 33 au zaidi kidogo, ambazo ni umbali wa kawaida kati ya njia mbili sambamba. Za nyuzi 45 zinahitajika nane kufunga duara. Mimi ningeanzia 315. Vichwa virefu na mabehewa marefu ya abiria hupata shida chini ya 282, na hata pale yanapopita, ncha za mabehewa zinatokeza nje ya kona kiasi cha kukera macho.

Meza basi. Msiniambie hamna nafasi kabla hamjasikia hii: mlango wa flashi, ule mwepesi wenye uwazi ndani, wa sentimita 80 kwa 200. Hauna uzito, haupindi ovyo, na ukimaliza kucheza unausimamisha ukutani. Duara la 315 lina upana wa milimita 630, ongeza kama 25 za kokoto, jumla 655. Unabaki na sentimita 7 kila upande. Kwa urefu, weka vipande vitano vya 248 kila upande mnyoofu, yaani milimita 1240, ukijumlisha na kona unafika kama 1895, na kila mwisho unabaki na sentimita 5. Kwenye upande mmoja, badala ya 248 moja, weka kipande cha 62 chenye nyaya za umeme pamoja na kimoja cha 186. Hesabu ya manunuzi: kona nane, 248 tisa, 186 moja, 62 ya umeme moja. Njia nzima ni mita 4 na nusu hivi. Ukitaka njia ya pili ndani yake, nunua kona nane za 282 na vipande vinyoofu vilevile.

Mlango una ubaya mmoja: uwazi wake hugeuka ngoma. Treni ya gramu chache inavuma kama lori. Tandika sponji jembamba au koki, ile ya vizibo vya chupa, ya milimita 3 chini ya reli, kelele inashuka sana. Na kabla ya hapo, paka vanishi pande zote mbili za mlango na kingo zake. Ukipaka juu tu, unyevu unaingia kwa chini na ubao unajikunja, halafu maungio yanaanza kuachana yenyewe.

Umeme. Hapa wanaoagiza kutoka Japani wanaunguza vitu. Umeme wa Japani ni volti 100. Wa kwetu ni 230 hadi 240. Kidhibiti mwendo chenyewe kinakula umeme mdogo, lakini adapta yake inaweza kuwa ya volti 100 peke yake. Geuza adapta, soma kibandiko upande wa umeme unaoingia. Ikiandikwa 100–240V, unahitaji kichwa cha kubadilisha plagi tu. Ikiandikwa 100V peke yake, usiichomeke ukutani. Tafuta adapta ya 100–240V inayotoa volti na aina ya umeme ileile iliyoandikwa kwenye kidhibiti, yenye ampea zisizopungua zile, plagi ya ukubwa uleule, na chanya na hasi upande uleule. Mita ya umeme inapima hilo kwa nusu dakika.

Kipande kimoja cha umeme kwa mita 4 na nusu kinatosha treni kusogea, ila utaona upande wa mbali inapunguza mwendo. Sababu ni upinzani mdogo wa kila maungio ukijikusanya. Kato wanauza kiungio chenye nyaya tayari, namba 24-818. Weka jozi moja upande wa pili wa duara, uziunganishe na nyaya za kwanza, buluu kwa buluu na nyeupe kwa nyeupe, na uhakikishe buluu ziko kwenye reli ileile. Ukizikosea, ni shoti papo hapo.

Tuje kwenye kile kipande cha kuacha. Pointi, yaani kipande kinachohamisha treni kwenda njia nyingine, ziko za namba 4 na namba 6. Namba 4 ni fupi, milimita 126, inavutia kwa wenye meza ndogo. Tatizo lake linajulikana kwa wanaozitumia: ncha ya ulimi wa reli, ile sehemu nyembamba inayosogea, haikai bapa vya kutosha ubavuni mwa reli kubwa, na gurudumu lenye ukingo mkubwa kidogo linaipanda au linaingia upande usio wake. Mwenye tupa ndogo na mkono mtulivu anaweza kuinoa ncha ile kidogo, au kuchonga nafasi ya kuipokea kwenye reli ya ubavuni, na itapita. Lakini kwa nini ununue kitu kipya uanze kukipiga tupa? Chukua namba 6. Ina milimita 186, mpindo wake ni mpole, nusu kipenyo cha 718, na mabehewa marefu yanapita bila kuyumba.

Kwenye mlango wetu ule, upande usio na nyaya: pointi namba 6 mbili, ya kushoto na ya kulia, zikitazamana. Kati yake kwenye njia kuu weka 248 tatu na 124 moja. Njia ya pembeni inachukua kona mbili za 718 za nyuzi 15 na 248 mbili. Inakaa bila kipande kubaki. Ila njia hiyo itakuwa karibu milimita 49 kutoka njia kuu, si 33, kwa hiyo haikai pamoja na duara la ndani la 282. Chagua moja.

Kuna jambo la umeme hapo. Namba 6 hupeleka umeme kule ilikoelekezwa tu. Ni nzuri, maana treni iliyoegeshwa pembeni inabaki imelala wakati nyingine inazunguka. Lakini pointi zote mbili zielekee njia moja. Moja ikiwa njia kuu na nyingine pembeni, unaweza kupata shoti. Na usiweke nyaya za umeme kati ya pointi hizo mbili. Mota ya pointi imo ndani, ni koili inayotaka umeme wa kugusa na kuachia. Ukiifunga kwenye swichi ya kawaida ya taa inayobaki imewaka, koili inaungua ndani ya sekunde chache. Tumia wenzo wa Kato uliotengenezwa kwa kazi hiyo, au isukume kwa kidole, kitelezi kipo pembeni.

Usafi ndio utunzaji mkubwa kuliko wote. Weusi unaouona kwenye reli ni mchanganyiko wa mafuta, vumbi na cheche ndogondogo kati ya gurudumu na reli. Chukua alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, kitambaa kisichotoa nyuzi, kizungushe kwenye kipande cha koki au kifutio, sugua juu ya reli, acha ikauke. Ya asilimia 70 itafanya kazi ukikosa nyingine, ila ina maji mengi, subiri zaidi. Jeli ya kutakasia mikono hapana, ina gliserini inayobaki inanata. Spiriti ya zambarau pia hapana, inaacha rangi yake. Msasa unachimba mikwaruzo, na uchafu unajificha humo. Sufi ya chuma ya kusugulia sufuria ndiyo mbaya kuliko zote: vipande vyake vinavutwa na sumaku ya mota, na kichwa kinakufa kwa shoti.

Ukisafisha reli ukaacha magurudumu, umesafisha nusu. Lowesha kipande cha karatasi ya jikoni kwa alkoholi ileile, kilaze juu ya reli. Kiweke kichwa nusu juu ya karatasi, nusu juu ya reli kavu, kishike kwa mkono, fungua mwendo hadi nusu. Sekunde 10 tu, utaona mistari miwili myeusi. Geuza upande wa pili. Magurudumu yenye mpira usiyaache kwenye alkoholi muda mrefu, mpira unavimba na kuteleza nje ya mfereji wake. Kichwa kinachotembea kwa kuchechemea, angalia huo mpira kwanza.

Mafuta: tone la ukubwa wa ncha ya sindano, kwenye ekseli na gia, ya aina iliyoandikwa kuwa salama kwa plastiki. Mafuta ya kupikia huganda. Ya cherehani watu huyatumia, mimi siyapendekezi kama chupa haisemi lolote kuhusu plastiki. Na yanayozidi hushuka kwenye reli, ukarudi kwenye kitambaa.

Treni ikianguka, usiguse kitu, angalia kwanza. Mabehewa tofauti yakianguka mahali pamoja, tatizo ni reli, pitisha ukucha. Behewa moja likianguka kila mahali, tatizo ni magurudumu yake, pima umbali kati yake kwa geji ya NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za mfano, ya kipimo cha N.

Mwisho ni kufunika. Shuka au kanga kuukuu inatosha, ilimradi haitoi nyuzi. Vumbi ni adui, lakini wenye dari wanamjua mjusi, na kinyesi chake kikikauka juu ya pointi hukitoi kwa kitambaa kikavu. Kiloweshe kwa maji kidogo kwanza, kifute, kisha ndipo upitishe alkoholi.