Kitabu cha Kiingereza kwa wanafunzi wa ufundi: kipi kitangulie kununuliwa

Muuzaji akikupa kitabu cha Kiingereza cha mafundi umeme, ruka jalada, nenda ukurasa wa nyaya. Cha Marekani kitakuambia waya mweusi ndio wenye umeme na mweupe ni nyutro (waya wa kurudisha umeme), volti 120. Huku kwetu Tanzania ni 230, na nyumba za zamani zilizofungwa kwa rangi za Waingereza, mweusi ndio nyutro! Kosa la msamiati hapo halikati maksi, linapiga shoti.

Makanika nao wana spana, boneti na buti, maneno waliyoyaokota gereji kutoka Kiingereza cha Uingereza. Kitabu cha wrench, hood na trunk kinawaanzisha upya bure.

Namba moja kwangu ni kitabu cha fani moja, umeme tu au magari tu, kilichojaa vitenzi vya kuamuru: tighten, disconnect, measure. Ndiyo lugha ya kazi. Aliyeingia chuo cha ufundi cha VETA akitokea darasa la saba la shule ya serikali alisoma kwa Kiswahili, kwa hiyo mtafutie kilichoandikwa A1, yaani ngazi ya anayeanza. B1, ngazi ya kati, itamkimbiza darasani.

Namba mbili haiuzwi: ni kile kijitabu kinachokuja na grinda au drili. Piga kopi kurasa nne. Humo utakuta DANGER, WARNING na CAUTION, ambayo sisi tunayamaliza yote kwa "hatari". Kumbe ya kwanza ni kifo au jeraha kubwa usipojihadhari, ya pili huenda ikawa hivyo, ya tatu ni jeraha dogo au la kadiri. Ningekipa namba moja, ila mazoezi utayatunga mwenyewe usiku.

Namba tatu, vitabu vya fani mchanganyiko. Vinafaa darasa lenye mafundi bomba, washonaji na wachomeleaji pamoja. Kila mmoja atapata kurasa zake chache. Vya sarufi tupu vya sekondari viacheni dukani.

Ulizia pia sauti zimewekwa wapi. Chuo nilichowahi kufundisha kilinunua nakala 40 zenye CD, na hakukuwa na mashine hata moja ya kuzichezea. Zilibaki kwenye nailoni zake.

Nunua nakala moja kwanza. Mpe mwanafunzi wa kawaida, si yule hodari, asome maagizo ya kubadilisha diski ya grinda, plagi ikiwa imechomolewa, uone mkono wake unaenda wapi.