Makazi yenye usaidizi kwa watu wenye ulemavu: kipimo kiko msalani

Ukitaka kujua kama nyumba inamfaa mtu mwenye ulemavu, angalia glasi yake ya maji. Anayeishi mahali asipoweza kufika chooni peke yake hujinyima maji tangu alasiri, asije akamwamsha mtu usiku. Mwisho wake ni choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo, na hakuna anayefikiria kwamba ugonjwa umeanzia kwenye upana wa mlango. Huduma ya makazi yenye usaidizi, yaani nyumba iliyojengwa ifikike kila pembe pamoja na wasaidizi wanaoingia kwa zamu, tunaipima hapo kwanza: ni mara ngapi kwa siku mkazi analazimika kuita mtu kwa jambo ambalo jengo lenyewe lingelimaliza?

Kwa kipimo hicho, huduma hii ikifanywa sawasawa inashinda bweni la taasisi, na inashinda nyumba ya familia ambayo haijabadilishwa chochote isipokuwa mgongo wa mama. Ikifanywa nusunusu, ni taasisi ile ile iliyopakwa rangi.

Tuanze mlangoni. Rampu, yaani njia ya mteremko inayochukua nafasi ya ngazi, inadai sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Vidato vitatu vya sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, hivyo rampu isiwe fupi kuliko mita 5.4, na juu yake pawe tambarare kwa mita 1.5 ili kiti cha magurudumu kitulie mtu akifungua mlango. Kosa tunalolikuta sana ni rampu iliyobanwa kwenye mita 2 kwa kuwa uwanja umekwisha. Hiyo kuipanda unataka msukumaji, na kuishuka unataka breki.

Nafasi ya kupita mlangoni isipungue sentimita 82, ikipimwa mlango ukiwa wazi, kutoka uso wa ubao hadi mwimo wa pili. Watangazaji wa nyumba hutaja upana wa ubao, na ubao wa sentimita 80 ukishatoa unene wake na bawaba huacha kama 75. Kando ya kitasa, upande wa kuvutia, pabaki ukuta wa sentimita 45; pasipokuwapo, mtu anauvuta mlango nao unagonga sehemu ya kuwekea miguu, arudi nyuma, ashike tena, ugonge tena. Kizingiti kisizidi milimita 13 na kingo zake zichongwe, kwa sababu magurudumu madogo ya mbele hukwama kwenye kitu ambacho anayetembea hakioni kabisa. Kitasa kijaribiwe kwa ngumi iliyofumbwa. Kama hakifunguki kwa ngumi, basi ni kitasa cha watu wenye vidole vyenye nguvu tu.

Sasa bafuni, mahali ambapo nyumba nyingi nzuri kwenye picha hufeli. Kiti kinataka duara la mita 1.5 kugeuka. Choo kiwe na kimo cha sentimita 43 hadi 48, na ubavuni pabaki angalau sentimita 90 zisizo na kapu, ndoo wala kabati, ili mtu asogeze kiti sambamba na kujihamisha. Vishikio viwe kati ya sentimita 84 na 92 kutoka sakafuni na vihimili zaidi ya kilo 110. Uimara wake hautoki kwenye chuma, unatoka kwenye kilicho nyuma ya kigae. Ukuta wa matofali unataka skrubu ndefu zenye nanga. Ukuta wa jipsamu unataka ubao mzito uliotiwa ndani kabla ya kuziba. Kishikio kilichoshikwa na plagi za plastiki kwenye jipsamu hukaa vizuri miezi kadhaa, kisha hung'oka siku mtu anapokiegemea kwa uzito wote. Kama ukuta haukuandaliwa tangu ujenzi, kuuandaa baadaye ni kubomoa vigae.

Sakafu ya kuogea iinamie kwenye tundu la maji kwa sentimita 2 kila mita. Ikizidi hapo, kiti cha kuogea huserereka chenyewe. Ikipungua, maji hutuama na kuteleza kunaanza. Koki ya maji ikae mkono unapofika mtu akiwa ameketi, wala isiwe chini ya mvua yenyewe, ili ajaribu joto kabla hayajammwagikia. Halijoto idhibitiwe na vali maalumu isipite nyuzi 41 hivi. Huo si urembo: mwenye jeraha la uti wa mgongo anaweza asihisi miguu yake ikiungua, na maji ya nyuzi 60 huunguza kwa sekunde chache. Kwa sababu hiyo hiyo bomba la maji moto chini ya beseni la kunawia livikwe kizuia joto, kwa kuwa magoti ya mkazi hupita hapo hapo.

Jikoni hatukai sana: meza isizidi sentimita 86 na chini yake pawe wazi kwa magoti, swichi na soketi ziwe kati ya sentimita 40 na 120. Chumbani, kwa anayenyanyuliwa kwa mashine, pabaki kama sentimita 15 chini ya kitanda miguu ya mashine ipite. Mashine inayoning'inia kwenye reli ya darini ni bora zaidi, ila dari ithibitishwe na mhandisi. Uliza pia umeme ukikatika mtu akiwa ananing'inia hewani inakuwaje. Jibu liwe betri pamoja na njia ya kumshusha kwa mkono, na kila msaidizi awe ameifanyia mazoezi.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii ni kudhani ulemavu wote unakaa kwenye magurudumu. Kiziwi anataka kengele ya moto inayomulika na kitu cha kutikisa mto usiku. Asiyeona vizuri anataka ukingo wa ngazi na vishikio vyenye rangi inayopingana na ukuta. Bafu jeupe lenye choo cheupe na kishikio cheupe ni ukungu mtupu kwake. Mwenye usonji anaweza kuhitaji ukuta usiopitisha kelele kuliko mlango mpana.

Tukija kwa wasaidizi, dai ratiba ya zamu, usiridhike na kijitabu chenye picha za watu wanaocheka. Piga hesabu mwenyewe: wakazi wanne, msaidizi mmoja, dakika 50 kila mtu kuamka, kuoga na kuvaa. Kazi ikianza saa 12 asubuhi, wa nne anaguswa saa 2:30 na kumaliza saa 3:20. Kama kazini kwake wanaanza saa 2, nyumba hiyo imemfukuza kazi kimyakimya. Kwa usiku, tofautisha anayekesha na anayelala pale pale. Mtu anayegeuzwa kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya kulalia anahitaji anayekesha. Maneno "tupo saa 24" hayasemi ni yupi.

Halafu mkataba, na hapa tuna msimamo mkali. Upangaji na usaidizi viwe karatasi mbili, ikiwezekana na pande mbili tofauti. Mwenye nyumba akiwa ndiye anayekuosha, kumlalamikia msaidizi kunaweza kukugharimu paa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 19, unampa mtu haki ya kuchagua pa kuishi na wa kuishi naye. Kwa hiyo mkazi mmoja akiondoka, wanaobaki waulizwe kuhusu mgeni ajaye. Mkazi awe na ufunguo wake. Mlango wa chumba ufungwe kwa ndani na ufunguke kwa nje kwa dharura tu, na kila ufunguaji uandikwe.

Nani asichukue huduma hii? Anayehitaji saa chache tu za msaada kwa wiki na nyumba yake inabadilika kirahisi. Huyo atapata uhuru zaidi akibaki kwake, na vishikio vilivyofungwa vizuri.

Siku ya kukagua, nenda na futi na pima maji, na ufike alfajiri au wakati wa kubadilishana zamu; saa nne asubuhi kila nyumba ni tulivu. Tazama kamba ya dharura bafuni, ile inayovutwa kuita msaidizi. Inatakiwa ishuke hadi sentimita 10 hivi kutoka sakafuni, kwa sababu aliyeanguka yuko chini. Mara nyingi utaikuta imefungwa fundo juu, isimsumbue anayepiga deki. Ifungue, ivute, uanze kuhesabu dakika.