Mafunzo ya Utafiti wa Makazi ya Kwale na Kanga, Nakuru: Yanamfaa Nani?

Mafunzo haya, ambayo chuo kikuu kimoja cha eneo la Nakuru huyatoa kwa wanafunzi wa uzamili, hunadiwa kuwa ya kurejesha na kusimamia makazi ya ndege wa kuwindwa kama kwale na kanga. Mimi niliyapitia hadi kuwasilisha tasnifu, na kwa maoni yangu yanamfundisha mtu vizuri sana kuyasoma makazi hayo, lakini hayampi muda wa kuyarejesha.

Sehemu bora ni ile ya uwandani. Kwale wa Hildebrandt, ambaye wageni wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru humwona akikatiza barabara asubuhi, hapewi uzito kuliko nyasi anamojificha. Mwanafunzi hupima urefu wa nyasi, nafasi tupu kati ya shina na shina, na kivuli kinachomfunika ndege kwa juu, kwa kuwa kifaranga cha kwale hutoka kiotani muda mfupi baada ya kuanguliwa na kujitafutia wadudu mwenyewe. Nyasi zikishonana mno hawezi kupenya. Zikilishwa hadi ardhini, mwewe humwona. Kichaka cha leleshwa kikitanda, nyasi zenyewe hupungua. Kuhesabu nako hufundishwa kwa ukali unaostahili: mtu hutembea kwenye mstari ulionyooka, hupima umbali wa kila kundi linaloruka, kisha hukadiria kwa R, programu ya takwimu ya kompyuta, idadi ya waliojificha. Mhadhiri wetu hakupokea jedwali lolote lililochukulia kwamba ndege asiyeonekana hayupo, na ninamshukuru kwa hilo.

Masomo ya darasani hutegemea zaidi tafiti za nje. Tulisoma jinsi mtafiti Herbert Stoddard, aliyemchunguza kware (ndege mdogo kuliko kwale) wa bobwhite kusini mwa Georgia na kaskazini mwa Florida, Marekani, katika miaka ya 1920, alivyoonyesha kwamba moto uliopigwa vita na wataalamu wa misitu ndio uliomwekea ndege huyo uwanda ulio wazi. Tulisoma pia kuhusu kwale wa kijivu wa Uingereza: dawa za magugu zilipoua mimea iliyokuwa ikiota katikati ya nafaka, wadudu waliotegemewa na vifaranga walitoweka pamoja nayo, na tiba mojawapo ikawa kuacha kingo za mashamba bila kunyunyiziwa. Somo hili la pili linaingia moja kwa moja katika mashamba ya ngano ya Njoro na Mau Narok, na sijui kwa nini lilipewa mhadhara mmoja tu.

Pengo kubwa zaidi ni la fedha. Nchini Marekani, sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 huelekeza kodi ya bunduki na risasi katika uhifadhi wa wanyamapori, hivyo mwindaji huchangia gharama za makazi ya ndege anaowawinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ingawa ule wa ndege kwa leseni haukuhusishwa, na sheria ya wanyamapori ya 2013 imeufanya uwindaji wa burudani kuwa kosa. Je, mkulima atakayeacha ukanda wa nyasi kwa ajili ya kanga atalipwa na nani? Swali hili halikujibiwa, wala wategaji wa kware wa Siaya, magharibi mwa Kenya, wanaotundika vikapu vyenye madume waitao wenzao juu ya nguzo ndefu, hawakutajwa ila kwa kupita, ingawa ni watu wa nchi hii wenye ujuzi wa zamani wa ndege hao.

Muda nao ni mfupi. Shahada hupangiwa miaka miwili, na masomo ya darasani yanapokwisha, mwanafunzi anayefyeka au kuchoma kipande cha ardhi cha majaribio hupata msimu mmoja au miwili ya mvua kabla ya kuandika, ilhali nyasi huhitaji zaidi ya hapo ili kuonyesha mabadiliko ya kuaminika. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na idhini ya mamlaka ya wanyamapori vinapaswa kuombwa mapema, jambo ambalo kozi ingepaswa kulisema tangu wiki ya kwanza. Nauli ya uwandani ni juu ya mwanafunzi.

Anayefikiria kujiandikisha amuulize kwanza msimamizi wake iwapo ana vipande vilivyopimwa na wanafunzi waliotangulia, na iwapo takwimu zao zinapatikana. Akiwa navyo, ningeyapendekeza mafunzo haya bila kusita. Akiwa hana, ni afadhali mwanafunzi achague mada ya kuhesabu kwale au ya utegaji wa kware, kwa kuwa hizo zinaweza kukamilika ndani ya muda uliopo.