Common Lisp: kompaila ya bure au ya kulipia?

Aliyezoea Python au Go hushangaa kusikia kuna watu wanaonunua kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa wa mashine. Kwenye lugha ya Common Lisp biashara hiyo ingali hai: LispWorks na Allegro CL zinauzwa, tena si kwa bei ya kutupa, huku pembeni zikiwepo kadhaa za bure ambazo haziziogopi hata kidogo.

Nionavyo mimi, kompaila yenyewe si ya kulipia. Kinachostahili fedha ni vile vinavyoizunguka: madirisha na vitufe, namna ya kumfungashia mteja programu, na mtu wa kumwuliza mambo yakikwama. Kama huhitaji hata kimoja kati ya hivyo, soma nafasi ya kwanza tu uishie hapo.

Hofu ya kuchagua vibaya ipunguze. Lugha hii ilisanifishwa na ANSI, shirika la viwango la Marekani, mwaka 1994, na msimbo unaofuata sanifu hiyo hukubalika kwa kila muuzaji na kwa kila mgawaji wa bure. Ila sanifu haikugusa nyuzi (kazi zinazokimbia sambamba ndani ya programu moja), mtandao wala madirisha. Maktaba za bordeaux-threads na usocket zimeziba mapengo mawili ya kwanza. La madirisha halijazibwa vizuri hadi leo, na hapo ndipo wauzaji wanapopatia riziki.

1. SBCL (bure)

Ilichipuka kutoka CMUCL, kompaila kongwe ya Common Lisp, mwaka 1999, toleo jipya hutoka karibu kila mwezi, na msimbo wa mashine inaouzalisha una kasi ya kukutosha kwa kazi nyingi mno. Ninachoipendea zaidi ni ukali wake. Andika hivi:

`(defun jumla (x) (+ x "tano"))`

Haingoji uiendeshe. Palepale inapokompaili inakukemea kwamba "tano" si namba. Kwa lugha ambayo wengi hudhani haijali aina za data, hilo si dogo.

Kumpa mtu programu iliyokamilika ni mstari mmoja:

`(sb-ext:save-lisp-and-die "duka" :executable t :toplevel #'anza)`

Faili litakalotoka litakuwa na makumi ya megabaiti hata kama kazi yake ni kusema "habari" tu, maana limebeba Lisp nzima tumboni, kompaila ikiwemo. Na usiuite mstari huo ukiwa ndani ya kihariri cha Emacs: SBCL hukataa kuhifadhi wakati nyuzi nyingine zinakimbia, na SLIME, kiendelezi cha Emacs cha kuandikia Lisp, kwa kawaida huwa imeshaanzisha kadhaa. Fungua terminali, pakia msimbo, hifadhi. (Ndiyo, nililijua hili baada ya jioni nzima ya kutukana skrini.)

SBCL ni bure. Emacs ndiyo inayokutoza. Karakana ya wengi ni Emacs pamoja na SLIME au ndugu yake Sly, na vidole vitalalamika wiki kadhaa kabla ya kuzoea. Asiyekubali kabisa kuhama VS Code ana kiendelezi cha Alive. Maktaba zinapakiwa kwa Quicklisp, nayo ni bure.

2. LispWorks (ya kulipia)

Ukitaka programu ya mezani yenye madirisha halisi, hapa fedha inaonekana ilikokwenda. CAPI, maktaba yake ya madirisha, inakuwezesha kuandika fomu mara moja, nayo ikatokea kwa sura ya kienyeji ya Windows, ya Mac kupitia Cocoa, na ya Linux kupitia GTK. Kifungashio chake hupogoa vipande vya Lisp ambavyo programu haivitumii, hivyo faili hupungua. Kihariri, kikaguzi na kitatuzi vimo ndani, Emacs huihitaji.

Angalia mambo mawili kabla ya kutoa pochi. Leseni ni ya kila mfumo endeshi peke yake: ya Windows haikufungulii Mac. Pili, matoleo ya Hobbyist ni nafuu lakini si ya biashara, na kati ya hayo mawili ni HobbyistDV pekee linalokuruhusu kufungasha programu. Nimeona watu wakinunua lile jingine wakidhani ni kitu kilekile.

Personal Edition ni bure, ila imefungwa minyororo: kumbukumbu ina kikomo, huwezi kufungasha, na kila kikao hujifunga baada ya muda wa saa 5.

3. ECL na CCL (bure)

ECL hutafsiri Lisp kwenda C, kwa hiyo ni chaguo la anayetaka kuipachika Lisp ndani ya programu ya C iliyopo tayari. CCL hukompaili haraka sana, na ujumbe wake wa makosa unasomeka na binadamu. Zote nzuri, lakini kwa anayeanza sioni sababu ya kuzitanguliza mbele ya SBCL.

4. Allegro CL (ya kulipia)

Kuiweka mwisho si kuidharau. Studio ya Naughty Dog iliitumia kutengeneza GOAL, lugha iliyoandikiwa michezo ya Jak and Daxter, na AllegroCache yake huhifadhi vitu vya Lisp moja kwa moja diskini bila kupitia SQL. Lakini hii ni bidhaa ya taasisi yenye idara ya manunuzi na mwanasheria wa kusoma masharti ya kusambaza. Mtu mmoja na kompyuta yake atachoka mapema.

CLISP bado inatajwa kwenye mafunzo mengi ya zamani. Toleo lake rasmi la mwisho ni la 2010, ipite.

Kama bado unasitasita kati ya mbili za juu, jiulize kwanza kama madirisha hayo hayawezi kuwa ukurasa wa kivinjari. SBCL na Hunchentoot, maktaba ya seva ya wavuti, hulimaliza hilo bila senti. Yakiwa lazima yawe ya mezani, pakia msimbo wako kwenye Personal Edition ya LispWorks, jenga fomu moja tu yenye jedwali na kitufe cha kuhifadhi, kisha ijenge hiyohiyo kwa LTK, maktaba ya bure ya madirisha, ndani ya SBCL. Jibu utalipata kabla saa 5 hazijaisha.